Barafu Niliyoipima Mwaloni

Mwezi uliopita niliwakabidhi funguo za stoo ya vifaa, ninyi wawili mnaobaki kufundisha hoki kwenye uwanja wetu hapa Mwanza. Mliniomba niandike mbinu nilizokuwa nikiwafundishia makipa. Nitaziandika. Lakini nisipotanguliza jambo moja, mbinu hizo zitasomeka kama za mtu aliyejua siku zote alichokuwa anafanya. Niliharibu goti la kipa bora kuliko wote waliopita mikononi mwangu, kisha nikamwita mvivu mbele ya baba yake. Anaitwa Kabula. Mengine yote humu yanaelekea kwake.

Nilifika klabuni nikiwa na miaka thelathini na minne, baada ya kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa nikifanya kazi kupunguza watu. Sikuwa nimewahi kushika gongo la hoki. Kwetu Ukerewe tulicheza mpira wa miguu, na hata huo mimi niliutazama kuliko kuucheza. Niliajiriwa kufyeka nyasi za pembeni, kuchora mistari kwa chokaa na kushona vifaa. Hoki ilikuwa mchezo wa familia za Kihindi za mjini kwa miaka mingi. Watoto wao walipoanza kwenda Dar es Salaam na ng'ambo wasirudi, klabu ikabaki na magongo mengi kuliko watu, ndipo geti likafunguliwa kwa yeyote anayeweza kukimbia.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ujanani alikuwa kipa. Siku ya kwanza alinikuta stoo nimepakata pedi ya mguu, nina sindano mkononi.

"Unashona nini?"

"Pedi, mzee."

"Umewahi kuivaa?"

"Hapana."

"Sasa utajuaje inauma wapi? Vaa."

Nikavaa. Akaniweka golini, akasogea hatua kama kumi na tano, akaanza kunipiga. Sina neno jingine. Mpira wa hoki unatosha kiganjani na ni mgumu kama jiwe la mtoni. Nilipoukwepa alinyamaza, uliponigonga alisema, "Vizuri." Baada ya nusu saa nilijua pedi inauma wapi: upande wa ndani wa goti, pale vijiti vya henzerani vya zamani vilivyoikaza vilipokuwa vimevunjika na kuchomoza. Nilivitoa, nikaweka vipande vya godoro la sponji, nikashonea uzi wa nyavu wanaotumia wavuvi, ambao haukatiki hata ukilowa. Endeleeni na uzi huo. Uzi wa fundi cherehani hukatika katikati ya mchezo, na kipa akiwa anashikilia pedi hawezi kushika kingine.

Mzee Kanti alikuwa kipa wa kusimama. Alifundisha mambo matatu: simama, sogea mbele kumnyima mpigaji nafasi, piga mpira kwa mguu kuelekea pembeni na si katikati. Ukimuuliza kwa nini, alikwambia urudi golini. Mimi ni mtu wa kutaka kujua kwa nini. Nilikuwa na madaftari tangu kiwandani, ambako niliandika kila mashine inavyokwama na ilivyokwamuliwa. Hapa nilianza daftari la makipa: jina, urefu, mkono wenye nguvu, magoli yaliyoingia na yalikopitia. Mzee Kanti aliliona akacheka. "Andika," alisema, "lakini usisahau kuangalia." Alipochoka kusimama juani, mwaka wa tano, aliniachia makipa wote, wanaume kwa wanawake.

Kitabu kilikuja mwaka wa nane. Mwalimu wa kujitolea kutoka Kanada, aliyekuwa akiondoka, aliacha sanduku la vitabu klabuni. Vingi vilikuwa vya hesabu. Kimoja, kisicho na jalada, kilikuwa cha kufundisha makipa wa hoki ya barafu, kina picha nyingi zisizo na rangi. Nilikaa nacho mwaka mzima. Kiingereza changu ni cha darasani na cha kamusi, kwa hiyo nilikitafsiri ukurasa baada ya ukurasa, jioni baada ya kazi, hadi nikajaza madaftari manne. Sikuwahi kusoma kitu kwa furaha namna ile. Mtu aliyekiandika alikuwa anajibu maswali yangu yote ya kwa nini.

Mengi yalikuwa kweli, na ndiyo maana nilikiamini. Kitabu kilisema funga kamba kwenye nguzo mbili za goli, uzikutanishe pale mpira ulipo, halafu mweke kipa kati ya kamba. Ataona kwa macho yake kwamba kila hatua anayosogea mbele inapunguza nafasi iliyo wazi. Nilifanya hivyo na makipa wangu wakabadilika ndani ya wiki. Kamba hizo ziko stoo, rafu ya chini. Kilifundisha kunyoosha gongo ghafla na kuuchoma mpira kutoka kwa mshambuliaji anayekuja peke yake. Hilo nalo ni zuri, ila kipa asilifanye mara mbili kwa mtu mmoja. Kulikuwa na sura ya mbinu za ajabu, za makipa waliochekwa na bado wakazuia. Mmoja alikuwa akijilaza ubavu na kupanga pedi mbili moja juu ya nyingine kama magunia ya mpunga. Mwingine akianguka kifudifudi huinua miguu nyuma na kupiga mpira kwa visigino, kama mkia wa nge. Hiyo ya magunia tuliijaribu baada ya mvua, tope likiwa laini, ikafaa. Ya nge aliijaribu kijana mmoja, akajipiga kichogoni.

Lakini sura ndefu kuliko zote ilikuwa ya mbinu waliyoiita kipepeo. Kipa anaangusha magoti yote mawili kwa pamoja, yakikaribiana, na nyayo zinakwenda nje, kushoto na kulia, hivyo pedi zinalala chini kama mbawa na kuziba sehemu yote ya chini ya goli. Kitabu kilisema magoli mengi hupita chini. Daftari langu nalo lilisema hivyo. Niliona ukuta.

Nilijua kuna tofauti moja: wao wanachezea juu ya barafu na sisi tunachezea changarawe. Mtu mwingine angepuuza. Mimi niliamua kupima, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilikwenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, nikiwa na pedi moja ndani ya mfuko wa rambo. Nilimkuta muuza barafu amefunika mapande yake kwa magunia na pumba za mpunga ili yasiyeyuke haraka.

"Pande zima au nusu?" akauliza.

"Nataka kuligusa tu."

"Kuligusa?"

"Na kuweka hii juu yake." Nikaitoa pedi.

Aliitazama, akawatazama wenzake. "Kaka, sangara wanalala hapo hapo bila godoro, na hakuna aliyewahi kulalamika."

Walicheka, mimi nikaendelea. Nilichagua pande kavu, ambalo lilikuwa halijaanza kutoa maji. Uso wake ulikuwa umegandiana na pumba, una mikwaruzo kama tofali. Nililaza pedi, nikaikandamiza kwa goti, nikasukuma. Haikusogea. Niliandika palepale: barafu ni ngumu, uso wake unakwaruza, pedi haisogei ikikandamizwa, sawa na uwanja wetu.

Najua mnachotaka kuuliza. Kila mtu anajua barafu huponyoka mkononi. Nami nilijua. Nilidhani ule ni utelezi wa maji ya kuyeyuka, na nchi yenye baridi ya kugandisha ziwa zima haiyeyushi kitu. Vile visu walivyovaa chini ya viatu niliviona kwenye picha, nikaandika kwamba ni vya kung'ang'ania, kama njumu. Katika picha, kipa aliyepiga magoti ameganda alivyo. Huwezi kujua kama ameanguka hapo au amefika hapo kutoka mbali. Na kitabu, kurasa zote zile, hakikusema mahali popote kwamba barafu ya uwanjani inateleza. Walioandikiwa walikuwa wanajua hilo tangu wanatambaa.

Mimi mwenyewe nilishuka kipepeo mara tatu, siku moja, nikiwa peke yangu. Goti la kulia liliuma kwa wiki mbili. Niliandika: umri.

Kabula alifika mwaka wa kumi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa mkulima wa mpunga na pamba kutoka Magu, na alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Mwenzake wa kiwandani ndiye aliyemleta. Timu ya wanawake haikuwa na kipa, na hakuna aliyetaka kuwa kipa, kwa hiyo wakamvalisha mgeni.

Hakusimama kama mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alisimama ubavu, bega la kushoto mbele, uzito wote kwenye mguu wa nyuma. Mpira ulipokuja chini aliutandika kwa upande wa nje wa unyayo, akiupeleka nyuma yake kuelekea pembeni, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni huku ameshika sufuria. Mpira wa juu aliupiga kwa kiwiko. Wasichana walivunjika mbavu.

"Kabula, huo ni mpira au ngoma ya bugobogobo?" akasema nahodha wao.

"Umefunga?"

"Bado."

"Basi endelea kupiga ngoma, mimi nicheze."

Nilimuuliza nani alimfundisha. "Hakuna mtu, mwalimu," alisema. "Nikisimama hivi naona vizuri." Jioni ile niliandika mipira iliyopigwa na iliyoingia, na hesabu ilikuwa upande wake kuliko kipa yeyote niliyekuwa naye. Pembeni niliandika neno moja: bahati.

Mzee Kanti, ambaye bado alikuwa akija kukaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya kibaraza, aliniita. "Huyo usimguse," alisema.

"Mzee, hana msingi. Siku akikutana na timu nzuri atafunguka kama mlango."

"Mpaka leo umefunguka?"

Nikamwonyesha kitabu. Akavaa miwani, akaitazama picha ya kipepeo.

"Huyu mtu goti lake liko juu ya nini?"

"Barafu."

"Sisi tunayo?"

"Nimepima, mzee. Ni sawa na hapa."

Alinirudishia kitabu taratibu. Hakuwa mtu wa kubishana na aliyepima. Miezi michache baadaye alihamia kwa mwanawe Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia. Sikupata nafasi ya kumwambia kuwa alikuwa ameuliza swali sahihi.

Nilimfundisha Kabula kipepeo kwa miezi minane, siku nne kwa wiki. Alitoka kiwandani saa tisa akiwa amesimama tangu alfajiri, akavaa pedi, akashuka na kuinuka, kushuka na kuinuka. Hakukosa siku hata moja. Hilo pia limo daftarini kwa mwandiko wangu. Changarawe ikaanza kula kitambaa cha pedi magotini. Nikaona tatizo, nikalitatua. Nilichukua mipira ya ndani ya matairi, nikampelekea fundi viatu wa Kirumba, akaishona kwenye pedi upande unaogusa chini. Kitambaa hakikuchanika tena. Raba ile ilishika ardhi kama breki. Tangu siku hiyo, kila aliposhuka, pedi ilibaki pale ilipotua na goti likajipinda ndani yake.

Wiki ya sita ya ile raba aliniambia, "Mwalimu, goti linawaka."

"Unashuka polepole. Ukisitasita ndiyo linaumia. Anguka kwa mara moja."

"Sawa, mwalimu."

Mwezi uliofuata akasema tena. Nilimpa zoezi la kuimarisha mapaja. Mara ya tatu hakusema. Alianza kuchelewa kushuka, halafu akaanza kushuka goti moja tu. Niliandika: anajua, hafanyi. Ninaposoma mstari huo leo naona kila kitu kilichohitajika kumwokoa kimeandikwa vizuri, kwa wino, na mtu ambaye hakuelewa alichoandika.

Mechi ninayoizungumzia tulicheza na timu kutoka Arusha, nyumbani kwetu. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa amekuja mjini kuuza mpunga, akapitia uwanjani kumwona binti yake kwa mara ya kwanza. Kamati ya klabu ilikuwa imekaa kibarazani, watu kama kumi na wawili. Matokeo yalikuwa sare hadi dakika za mwisho, wapinzani wakapata kona ya adhabu, ile ambayo mpira unatolewa kwenye mstari na kupigwa kwa nguvu moja kwa moja golini. Nilipaza sauti, "Shuka!" Kabula hakushuka. Nilimwona akigeuza bega la kushoto, akirudi kwenye msimamo wake wa zamani. Lakini miezi minane ilikuwa imeshaingia mwilini. Nusu yake ilitaka kusimama na nusu ilitaka kuanguka. Mpira ukapita chini ya mguu wa kulia. Kisha akaenda chini, na hakuinuka mpaka alipoinuliwa.

Mwenyekiti wa kamati aliuliza kilichotokea. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu akiwa na daftari mkononi ni hatari. Nilisema, "Kipa anajua kushuka. Nimemfundisha miezi minane. Hakutaka. Ni uvivu tu, na si leo tu." Nikafungua kurasa kuthibitisha. Mzee Masanja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, kofia mkononi. Alikwenda uwanjani, akamshika binti yake mkono, wakaondoka kupitia geti la nyuma.

Kamati ilikuwa imekusudia kumpendekeza Kabula afundishe hoki kwenye shule moja ya wasichana. Hawakumpendekeza. Kiwandani hawamweki mtu asiyeweza kusimama, kwa hiyo akarudi Magu. Nilisikia baadaye kwamba hospitali walimwambia gegedu ya goti imechanika na imekaa hivyo muda mrefu. Nilisikia, sikuenda. Makipa wawili waliofuata walilalamika magoti mapema, na mimi nikaacha kufundisha kipepeo nikisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Kitabu nilikirudisha rafuni. Sikukifikiria tena kwa miaka mingi, kwa sababu nilidhani nimekielewa.

Mwaka huu, nikijiandaa kustaafu, mmoja wenu alinifundisha kutafuta video kwenye simu. Nilitafuta hoki ya barafu kwa kutaka tu kuona rangi za jezi. Nikamwona kipa. Alishuka kipepeo kwenye nguzo ya kushoto, na akiwa vilevile amepiga magoti, bila kuinuka, bila kukunja kitu, akateleza mpaka nguzo ya kulia. Magoti yake hayakubeba chochote. Pedi zilikuwa zinakwenda nje zenyewe, kama sahani kwenye meza yenye mafuta. Video ilikuwa ya sekunde chache. Niliirudia mpaka chaji ikaisha.

Kabula sasa anaishi Kisesa, ana duka la dawa za mifugo na mbegu. Nilikwenda asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kreti ya soda. Alinitambua kabla sijavuka mlango.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Kabula. Hujambo?"

"Sijambo. Umekuja kununua chanjo ya kuku?"

Nikamwambia nimekuja kumwonyesha kitu. Nikamsogezea simu. Alitazama, akarudia mara moja tu.

"Anateleza," akasema.

"Ndiyo."

"Kumbe wenzetu wanateleza." Alinirudishia simu. "Sasa mimi nilikuwa nateleza wapi, mwalimu? Kwenye yale mawe?"

Nilimweleza yote: Mwaloni, pumba, raba za tairi. Sikuacha kitu. Alinisikiliza huku akipanga vichupa, na nilipomaliza nikamwomba msamaha.

"Nilijua wiki ya pili kwamba kile kitu si cha pale," alisema.

"Mbona hukukataa?"

"Wewe ulikuwa na kitabu. Mimi nilikuwa na goti. Ungemsikiliza nani?"

Mteja akaingia, akanunua dawa ya kupe, akatoka. Kabula alisubiri hadi alipofika barabarani.

"Goti nimeshalizoea," alisema. "Nalijua likitaka mvua, nalijua likitaka kupumzika. Lile neno je?"

"Neno gani?"

"Usiniulize neno gani. Si ulilisema wewe?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Baba yangu ni mtu wa jembe, mwalimu. Kwetu ukimwita mtu mwizi atabisha, ataita mashahidi, itajulikana. Ukimwita mvivu abishe na nini? Akifanya kazi, watasema anajionyesha. Mimi nimeishi na hilo neno kwenye nyumba ya baba yangu miaka sita kabla sijapata hapa. Huo msamaha wako usiniletee mimi. Mimi sikukusadiki hata siku ile. Upeleke Magu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai na anasikia vizuri."

Nilikwenda wiki iliyofuata. Mzee Masanja alikuwa nyumbani kwake, na majirani kama kumi, wanawake kwa wanaume, walikuwa wakigeuza mpunga ulioanikwa kwenye maturubai. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda. Nilijieleza mimi ni nani. Alisema, "Nakukumbuka. Ulikuwa na daftari."

Niliongea kwa uangalifu. Kueleza uwanja wa barafu kwa mtu ambaye barafu anayoijua ni ile ya kwenye friji la soda si kazi nyepesi, na nilijikuta nikichora kwa kidole mchangani. Alinikatiza.

"Sema kwa kifupi. Mtoto alikuwa mvivu au hakuwa mvivu?"

"Hakuwa mvivu, mzee. Alikuwa anaumia. Mimi ndiye niliyemuumiza, na alipoacha kushuka alikuwa anajiokoa. Sijawahi kuwa na kipa aliyefanya kazi kama yeye."

Aligeukia mpunga.

"Alikuwa akienda kuchota maji anachechemea," alisema. "Mimi nikawa namwambia mama yake, unaona, uvivu huo. Nikamwongezea kazi. Siku za kuvuna nilimweka mstari wa mbele, ili uvivu umtoke." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Siku ile pale uwanjani ulisema mbele ya watu wangapi?"

"Kama kumi na wawili."

"Na leo umeniambia mimi peke yangu."

Akasimama, akawaita waliokuwa kwenye mpunga. Walikuja na reki zao mkononi, wakasimama nusu duara. Akaniambia nirudie. Nilisimama, nikarudia yote tangu mwanzo kwa Kiswahili, nikitafuta maneno sahihi, nikieleza changarawe, raba, jinsi goti linavyojipinda. Kama robo saa. Baadhi yao walikuwa wanapotea njiani, nikawaona. Nilipomaliza, Mzee Masanja aliwageukia akasema kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha sokoni. Nilisikia jina la Kabula, na zaidi ya hapo sikupata. Haikuwa zaidi ya sentensi moja. Watu walirudi kwenye mpunga bila kuniangalia.

Nilimuuliza mama mmoja wa majirani aliyebaki karibu nami mzee amesema nini.

"Amesema mtoto wake alifanya kazi, yeye baba ndiye ambaye hakuona."